Mko na Karatasi?

Asubuhi ile tulikuwa na miche 340. Nina uhakika na hesabu kwa sababu daftari lilikuwa langu. Katika kikundi chetu pale Riruta mimi ndiye pekee niliyewahi kufika chuo kikuu, na ingawa niliacha karo iliponishinda, wenzangu waliamua kwamba miaka miwili na nusu ya kusoma historia inatosha kunifanya karani. Mukinduri ilikuwa 210, mutamaiyu 85, muhugu 45. Hiyo muhugu ndiyo iliyoniuma zaidi. Ni mti mgumu kuotesha: mbegu nyingi huwa tupu ndani, unapanda kiganja kizima unapata miche miwili. Na ndio mti ambao wachonga vinyago wameuwinda miaka mingi mpaka kuupata mkubwa ni bahati.

Kitalu chetu kilikuwa kwenye ukanda mwembamba kati ya kuta za nyuma za ploti na kijito, mahali ambapo zamani palikuwa pa kutupa takataka. Tuliondoa takataka kwa wiki tatu. Miche ilikaa kwenye paketi za maziwa na chupa za soda zilizokatwa shingo. Mwendo wa saa mbili likaja tingatinga, na mbele yake kijana mmoja wa rika letu, koti la njano la kumeremeta, simu mkononi. Hakuwa mkali. Aliuliza tu, "Mko na karatasi?"

Hatukuwa nayo. Yeye alikuwa nayo: ukurasa mmoja wenye muhuri, kandarasi ya kusafisha ukingo wa mto. Tukamwambia sisi ndio tulioanza kuusafisha. Akasema anaelewa, lakini dereva analipwa kwa saa. Tulibeba tulichoweza. Saa nne kamili nilihesabu tena: 61.

Sitaki kuandika kuhusu kijana yule. Swali lake ndilo lililonirudisha vitabuni, maana nililisikia nikajua nimewahi kulisoma. Ukifuatilia historia ya watu wa kawaida na miti katika pande hizi za Nairobi, kuanzia Dagoretti hadi Kibera, unakuta miaka zaidi ya mia moja ya mtu mmoja akimwuliza mwingine swali hilohilo. Anayeuliza hubadilika. Anayeulizwa kwa kawaida ana jembe mkononi.

Riruta hii ya mabati na maghorofa ilikuwa ukingoni mwa msitu. Jina la jirani yetu Kawangware, wazee husema, linatokana na ngware, yule ndege wa jamii ya kwale anayependa vichaka vya kando ya mashamba. Lugard alipokuja kujenga boma lake Dagoretti mwaka wa 1890, kwa mapatano na Waiyaki wa Hinga, alikuta Wakikuyu upande huu, Wamaasai upande ule, na msitu katikati. Msitu ule ulikuwa mpaka, na mpaka hutunzwa: ukiumaliza unakuwa umemfungulia jirani mlango.

Tusidanganyane hapa. Wakikuyu walikata miti, tena mingi. Walikuwa wakulima, na mkulima wa mlimani huanza na shoka. Lakini walikuwa na taratibu. Ardhi ya ukoo, yaani githaka cha mbari, ilikuwa na msimamizi wake, na mpangaji aliyekaribishwa kulima hakukata ovyo. Tena mlipofyeka msitu mliacha mti mmoja mkubwa umesimama, ukaitwa murema kiriti, unaokataa kufyekwa. Waliamini roho za miti iliyoangushwa zilihamia pale. Mti ule ukizeeka haukatwi hivihivi. Ilibidi kwanza roho zihamishiwe mti mwingine kwa tambiko. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nililiona kama hadithi tu ya kale. Siku hizi naliona kama sheria ya misitu ambayo haikuhitaji askari.

Halafu ikaja reli, na reli ilikula kuni. Mikaratusi ililetwa nchini mwaka wa 1902 kwa ajili hiyo hasa, kwa sababu hukua mbio, na mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikaanzisha idara ya misitu. Kilichofuata ndicho hujirudia kila mahali: msitu ukapimwa, ukachorwa, ukatangazwa mali ya Taji. Msitu wa Ngong Road, ambao mpaka leo ndio ulio karibu zaidi nasi, ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka wa 1932, sawa na Karura. Mwanamke aliyekuwa akiokota kuni kwenye msitu wa baba mkwe akawa sasa anaokota kuni za Mfalme, na akikutwa na askari wa msitu anaulizwa kibali.

Lakini idara ilikuwa na shida moja: kupanda miti ni kazi, na wafanyakazi hawakutosha. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa shamba, mwaka wa 1910. Uliitwa hivyohivyo hata kwenye Kiingereza cha ofisi. Msitu ukishavunwa, familia inaruhusiwa kulima mahindi, viazi na maharagwe kwenye kiwanja kile, mradi katikati ya mimea ipande miche ya serikali na kuipalilia. Baada ya miaka mitatu hivi miche imekuwa mirefu, kivuli kimefunga, mahindi hayaoti tena. Familia inahamishwa kwenda kiwanja kingine, kuanza upya.

Guka yangu alizaliwa katika mpango huo, kule Kinale. Alipanda misonobari tangu akiwa mtoto wa kubebeshwa miche mgongoni. Shosho husema hivi: "Tulijua kulima vizuri ni kujifukuza." Ukipalilia mti kwa bidii unakua haraka, na ukikua haraka unakuondoa haraka. Sijawahi kusoma uchambuzi wa mpango wa shamba uliopita huo.

Kuna kisa ambacho huwa kinasimuliwa kwa furaha kwenye historia ya upandaji miti duniani, na kilitokea matatu mawili tu kutoka hapa, Muguga. Mwaka wa 1922 afisa mmoja kijana wa idara ya misitu, Mwingereza aitwaye Richard St. Barbe Baker, aliona jinsi milima ya Kikuyu inavyobaki uchi. Akashauriana na Chifu Josiah Njonjo. Wakikuyu wana ngoma ya kila jambo, kwa nini kusiwe na ngoma ya miti? Tarehe 22 Julai morani walikusanyika kwa maelfu. Kati yao wakachaguliwa wachache waliojitolea, wakaahidi kupanda miti kila mwaka na kuilinda popote waionapo. Wakaitwa Watu wa Miti. Baker aliporudi kwao alilibeba jina hilo kwa Kiingereza, likawa chama kilichoenea nchi nyingi na ambacho bado kipo, siku hizi kikiitwa International Tree Foundation.

Nakipenda kisa hiki, na najivunia kwamba jina la chama cha dunia nzima lilianza kwa Kiswahili. Lakini hebu angalia kalenda. Machi mwaka huohuo wa 1922 Harry Thuku alikamatwa. Mnamo tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Muthoni Nyanjiru akiwachokoza wanaume waliokuwa wakisitasita, na polisi wakafyatua risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21, na wengine walisema ni zaidi sana. Vijana wale walikuwa wakilalamikia kodi, kipande, na ardhi. Miezi minne baadaye, vijana wa kizazi hichohicho wanaombwa wacheze ngoma na kuahidi kupanda miti. Wapande wapi? Swali hilo sijaona mtu akilijibu. Sidhani Baker alikuwa mtu mbaya. Aliipenda miti na aliwapenda watu. Ila Watu wa Miti walipewa ahadi ya kutunza bila haki ya kuamua. Na kipande, kwa wasiokumbuka, kilikuwa karatasi iliyotiwa kwenye kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Ukitoka Riruta ukafuata maji utafika Kibera. Mto Motoine unaanzia kwenye kinamasi upande wa Dagoretti, unapita Msitu wa Ngong Road, kisha unaingia Kibera na kumwagika Bwawa la Nairobi. Neno lenyewe Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles waliruhusiwa kukaa pale tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka wa 1918 eneo likatangazwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Walikaa, wakalima, wakafuga, wakazika wazee wao. Hati hawakupewa. Walichopewa ni ruhusa, na ruhusa ni kitu kinachoweza kusahauliwa na aliyekupa. Ekari zikamegwa, estate moja baada ya nyingine, mpaka Juni 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288. Msitu uliowapa jina hawakuweza kuulinda hata kama wangetaka. Utaulinda vipi na wewe mwenyewe ni mgeni kwenye daftari la serikali kwa miaka mia?

Wangari Maathai anaingia hapa, na naomba msomaji anisamehe nisirudie sifa zote anazozijua. Kinachonivutia zaidi ni alivyoanguka kwanza. Mume wake aligombea ubunge wa Lang'ata mwaka wa 1974, akawaahidi watu kazi. Wangari akachukua ahadi ile kwa uzito kuliko mwanasiasa, akaanzisha kampuni aliyoiita Envirocare, ya kuajiri watu maskini wapande na kutunza miti kwenye nyumba za matajiri. Kitalu kilikuwa Karura. Biashara haikwenda: matajiri hawakutaka kulipia, maji yakawa shida, miche ikafa. Nilipolisoma hilo, wiki chache baada ya tingatinga, nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo. Kumbe naye.

Kisha Juni 5, 1977, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, wakaandamana hadi Kamukunji, wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa saba, Waiyaki wa Hinga akiwa mmojawapo. Hapo likaanza vuguvugu la Green Belt. Mwanzoni idara ya misitu iliwaahidi miche ya bure, ikidhani akina mama watachukua michache. Walichukua mingi mno, ahadi ikaondolewa. Wakaamua kuotesha wenyewe. Maafisa walijaribu kuwafundisha kwa lugha ya chuoni, na wengine walisema wazi kwamba kazi hii inahitaji mtu aliyesomea. Wanawake hawakuelewa kwa nini. Maisha yao yote walikuwa wakipanda maharagwe na mahindi, na mbegu ni mbegu. Wakaotesha kwenye vyungu vilivyovunjika na makopo ya mafuta, wakayaweka juu ili kuku na mbuzi wasifike. Kila mche uliopona baada ya kupandwa walilipwa senti nne za Marekani. Wangari aliwaita wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Unaweza kuelewa kwa nini maneno hayo nimeyabandika ukutani. Lakini ona pia senti zile zililipwa kwa kipi: kwa mche kupona. Ukipanda ukaenda zako hupati kitu. Huo ni usimamizi, si sherehe. Na mama wengi walipanda mahali ambapo hakuna wa kuwahamisha, kwenye mpaka wa shamba lao wenyewe, kando ya shule ya watoto wao, au uani mwa kanisa lao. Naamini hapo ndipo siri ilipokuwa.

Upande wa guka mambo yaliharibika. Mwishoni mwa miaka ya themanini serikali ilipiga marufuku mpango wa shamba na kuwaondoa familia kwenye misitu. Sababu zilikuwepo: mashamba yalikuwa yamepanuka kuliko miche, na wakubwa walikuwa wamejigawia viwanja vya wakulima wadogo. Walioondolewa kwanza, lakini, si wakubwa. Guka alishuka Riruta na godoro na jembe, akapanga chumba, akawa mlinzi wa usiku. Alikufa bila kumiliki hata mti mmoja kati ya maelfu aliyopanda.

Na wakati watu kama yeye wakifukuzwa kwa kosa la kuharibu msitu, misitu ya Nairobi ilikuwa ikigawiwa kwa barua. Karura iligawanywa kwa wajenzi binafsi. Wangari na wenzake walipoenda kupanda miche pale Januari 8, 1999, walipigwa na genge lililokodiwa, akatoka damu kichwani. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Msitu wa Ngong Road nao ulimegwa kimyakimya, bila damu ya kuandikwa magazetini, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ikaanika ugawaji wa aina hiyo nchi nzima. Baadaye barabara ya Southern Bypass ikapita katikati yake. Wagawaji wote hao walikuwa na karatasi.

Sheria ya misitu ya mwaka 2005 ilikuja kama toba. Kwa mara ya kwanza jamii zinazoishi kando ya msitu ziliruhusiwa kuunda vyama, CFA, na kutia saini mkataba na serikali wa kuusimamia pamoja: kuokota kuni, kukata nyasi, kuweka mizinga, hata kulima katikati ya miche kwa utaratibu mpya wa PELIS, ambao ni mpango wa shamba uliobadilishiwa jina, isipokuwa hulali humo. Sheria ya 2016 ikaendeleza hayo. Karura ni mfano unaopendwa: tangu 2009 marafiki wa msitu na shirika la KFS waliujengea ua, wakaweka ada ya kuingia, wakaajiri vijana wa kijiji cha Huruma kilicho kando yake, na watu wakarudi kutembea mahali walipokuwa wakiogopa kupita. Naipenda Karura. Nasema tu kwamba majirani zake wengine ni Muthaiga, Runda na Gigiri. Barua ya kule hujibiwa.

Sisi wa Riruta tunadondokea wapi? Ardhi yetu si kama ya Kibera. Hapa kila futi ina mwenyewe tangu miaka ya hamsini, mashamba ya mbari yalipopimwa na kupewa hati, na Dagoretti ikaingizwa ndani ya mpaka wa jiji mwaka wa 1963. Mwenye ploti anajua vizuri kwamba nafasi ya mti mmoja ni chumba kimoja, na chumba kina kodi kila mwezi. Simlaumu, mti hausomeshi mtoto. Kinachobaki ni ukingo wa kijito, zile mita 6 hadi 30 ambazo kanuni zinasema zisijengwe. Kwa vile haujengwi hauna mwenyewe, na kwa vile hauna mwenyewe ni wa yeyote mwenye muhuri. CFA huundwa kwa ajili ya msitu uliopo kwenye orodha. Ukanda wa mita nane nyuma ya vyoo hauko kwenye orodha yoyote.

Mwaka wa 2023 serikali ilitangaza sikukuu ya kupanda miti, Novemba 13, katika safari ya kufikia miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tulishiriki. Tulivaa fulana. Lengo linahesabu miti itakayoota, na halitaji popote ni nani atakayeruhusiwa kuimwagilia mwezi wa Februari, mvua zikiisha na kamera zikiondoka. Guka angecheka.

Miche yetu 61 tumeigawana. Kumi na miwili iko shuleni kwa mdogo wangu, mwalimu mkuu ametupa kona nyuma ya maktaba. Mingine iko kwenye veranda za wanachama, ghorofa ya tatu, ya nne, kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini. Muhugu iliyopona ni mitano. Tumeanza kuandikisha kikundi, na tumepeleka barua kwa chifu kuomba ukanda wetu rasmi. Tumeambiwa turudi wiki ijayo, mara mbili sasa.

Mmoja wa ile mitano nimeupanda kwenye ploti ninayoishi, pembeni mwa tangi la maji. Mwenye ploti alisema sawa, ukae hadi atakapoanza kujenga juu. Nikamwomba aliandike hilo. Aliniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, akachana ukurasa kwenye daftari lake la kodi, akaandika tarehe, akaandika "mti mmoja", akatia saini.